Saa ya mashine pepe haina betri

SWALI: Shikamoo Injinia. Natunza seva ya ghala la dagaa hapa Kirumba. Ni Linux yenye QEMU na KVM (programu za kuendesha mashine pepe), na ndani yake kuna mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu, ya Windows XP yenye programu yetu ya zamani ya stakabadhi. Saa 1 asubuhi muda uko sawa, saa 11 jioni umechelewa dakika 7. Fundi amebadilisha betri ya ubao mama mara mbili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Betri zote mbili umelipia bure. Betri hutunza saa ya mashine halisi ikiwa imezimwa. Yako inachelewa ikiwa kazini, tena ndani ya mashine isiyo na hata skrubu moja! Kesi hii naletewa kila mara, na kila mara betri imeshabadilishwa.

XP huhesabu mapigo ya taima, kwa kawaida 64 kila sekunde. Kwenye mashine pepe, kila pigo ni ukatizo, yaani ishara ya kuikatiza prosesa iitikie, ambao QEMU inapaswa kuufikisha. Seva ikizidiwa, prosesa pepe huwekwa kando kidogo huku mapigo yakizidi kuja. Mafundi hawafiki hapa: kidhibiti cha ukatizo huweka alama moja tu kwamba kuna pigo linasubiri. Hakihesabu ni mangapi. Ni kama mhesabu wa ndoo pale mwaloni aliyesinzia: zimepita tatu, anashtuka, anachora mstari mmoja. Dakika zako 7 ni mapigo 26,880 yaliyomezwa hivyo.

Kwenye amri ya kuwashia mashine, chaguo la -rtc (la saa ya mashine pepe), ongeza driftfix=slew. QEMU itayakumbuka mapigo yaliyokosa na kuyarudisha polepole, maana yakimwagwa kwa pamoja, XP itashinda ikihudumia mapigo tu. (Mashine pepe ya Linux inayotumia kvm-clock, saa ya KVM, haina shida hii; inasoma muda kwa mwenyeji, yaani seva yenyewe.)

Kisha futa ile kazi ya kulazimisha saa kila dakika 5, ambayo mafundi hupenda kuiacha kimyakimya. Duka moja nilikuta driftfix na kazi hiyo vyote viwili vinasahihisha kosa lilelile: saa ikasogezwa mbele, mapigo ya deni yakaisukuma zaidi, ikavutwa nyuma. Stakabadhi namba 312 ilisoma 10:41, namba 313 ikasoma 10:38. Kamweleze mkaguzi hilo.

Sasa wapo wanaouza RAM kwa tatizo hili, wengine wanapiga Windows upya. Muulize fundi wako kwanza kama ameangalia mzigo wa seva. Akikodoa macho, mlipe nauli aende. Na betri aliyoitoa mara ya pili akurudishie, ilikuwa mpya.