Tiramisu yako inatoa maji? Soma hapa kwanza

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia, "Tiramisu yangu imekuwa uji, nimekosea wapi?" (ile keki ya Kiitaliano ya tabaka za biskuti zilizochovywa kahawa na krimu). Nikakumbuka ile yangu ya kwanza hapa Malindi, na wallahi bado inaniuma.

Nilikuwa msaidizi wa jikoni kwa Wataliano fulani, siku hiyo mpishi hayupo nikaambiwa nitengeneze mimi. Nikachovya zile biskuti ndefu kwenye kahawa ingali moto, nikaziacha zilowe kama mahamri kwenye chai, na juu nikapaka krimu ya kupambia keki kwa sababu bei ya maskaponi, ile jibini laini ya Kiitaliano, iliniogopesha. Kuifikisha mezani, kijiko kikazama, maji ya kahawia yakatambaa hadi ukingoni mwa sahani, na mama mwenye nyumba akaisukuma kando bila kusema neno. Afadhali angenifokea.

Hapo ndipo nikaanza kuulizia asili yake. Nilidhani ni keki ya mababu, kumbe wengi husema ilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye mgahawa wa Le Beccherie mjini Treviso, mkoa wa Veneto, Italia, kwa Alba Campeol na mpishi Roberto Linguanotto. Majirani zao wa mkoa wa Friuli Venezia Giulia wanasema ni yao, na mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia ikaiandika kwenye orodha ya vyakula vya asili vya huko, watu wa Veneto wakawaka.

Ile ya Treviso ni viini vya mayai, sukari, maskaponi, biskuti, kahawa na kakao, basi. Haina pombe! Ramu na divai ya Marsala ni nyongeza za watu, sawa na stroberi na pistachio, kwa hiyo ukimtengenezea Muislamu bila pombe usidhani umempunguzia kitu, umempa yenyewe.

Sasa wewe dada, kahawa ipoe kabisa, iwe chungu. Biskuti chovya geuza toa, usihesabu hata mbili. Viini vipige na sukari juu ya mvuke wa maji moto, mayai mabichi na joto hili la pwani si mchezo. Friji usiku kucha. Na narudia, chovya geuza toa, watu hawasikii hapa!

Mwaka uliofuata mama yule yule aliniagiza tiramisu ya besidei ya mwanawe, akaomba na ya kubeba. Kwa hiyo nunua maskaponi, hata kopo moja, anza na bakuli dogo. Ukikata nitumie picha ya ubavuni, nataka kuona tabaka zimesimama.