Lile jengo la mawe kando ya Nyayo House, jijini Nairobi
Umeuliza kama lilikuwa kanisa. Hapana ndugu, lilijengwa 1913 kuwa ofisi ya serikali ya kikoloni, na kwa miaka mingi likaitwa Old PC's Office, yaani ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo watu walimosajili vizazi, ndoa na vifo. Hebu fikiria: mmoja anatoka na cheti cha ndoa, mwenzake anaingia kuandikisha msiba, mlango ule ule!

Umbali wa miji kutoka Nairobi ulipimwa kuanzia hapo pia.

Leo ni Nairobi Gallery, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ingia uone sanaa ya Kiafrika iliyokusanywa na Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na mkewe Sheila. Usipite haraka, tafadhali.