Swali la lugha: "Malumalu ya graniti" ni kitu gani?

Msomaji wa Njiro, Arusha, ameniandikia: "Fundi kaniletea makadirio ya jikoni, na kwenye kaunta kaandika 'malumalu ya graniti'. Jirani yangu, mwalimu wa jiografia, anasema jina lake ni itale. Nani yuko sahihi?"

Mwalimu yuko sahihi, na nitamfikia. Kwanza nina neno na huyo fundi, maana wenzake ni wengi.

Pita Sakina hadi Tengeru usome vibao vya nyumba za kupanga: "Vyumba viwili, malumalu, jipsamu, luku yake." Ndani ya nyumba hiyo hakuna marumaru hata ya kuziba tundu la panya. Kilichoko sakafuni ni udongo uliochomwa tanuruni na kupakwa mng'ao. Udongo wa kuchomwa una jina la Kiswahili tangu bibi zetu walipoanza kuvunja vyungu: kigae. Kigae kimetukosea nini hata tukakifukuza nyumbani? Hata "tailizi", pamoja na wingi wake wa Kiingereza ulioning'inia mkiani, naivumilia, kwa kuwa haidanganyi mtu. "Malumalu" inadanganya mara mbili: jiwe si lile, na herufi si ile. Ni marumaru, kwa r, kutoka Kiarabu "marmar".

Na marumaru ni jiwe la chokaa lililobanwa na kupikwa na joto la ardhini hadi likageuka. Graniti haijawahi kuwa chokaa hata siku moja. Hiyo ni magma, uji wa mwamba ulioyeyuka, ulioganda humo humo chini. Kwa hiyo "marumaru ya graniti" ni sawa na kusema maharage ya njegere.

Wiki iliyopita nilisimama karibu na Mnara wa Saa, pua imekaribia kugusa ukuta wa benki moja. Mlinzi akanijia.

"Shikamoo mzee. Umepoteza kitu?"

"Marahaba, mwanangu. Hili jiwe mnaliitaje?"

"Malumalu hiyo, mzee."

Nikamwomba awashe tochi ya simu. Tukaziona punje moja moja: za waridi na nyeupe, ambazo ni feldispa, za kijivu kama chupa iliyosuguliwa na mchanga, ambazo ni kwatzi, na vipande vyeusi vyembamba vinavyometa ukigeuza kichwa. Hivyo vya mwisho vina jina zuri la Kiswahili ambalo karibu tunalizika: ulanga. Punje zimekuwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho kwa sababu jiwe lilipoa polepole mno, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na msingi wa uzio wa mawe ya huku kwetu, meusi, yenye vitundu vitundu. Hiyo ni lava: ilipoa haraka hewani, punje hazikupata muda wa kukua, na vitundu ni alama za gesi iliyonaswa ndani.

"Kumbe la ukutani si la mlima wetu?"

Si la Meru wala Kilimanjaro. Milima yetu ni michanga, na jiwe lililoganda kilomita kadhaa chini huhitaji muda mrefu mno hadi ardhi iliyo juu yake iliwe nalo lionekane. Kilimanjaro haujatimiza miaka milioni 3. Ukitaka graniti ya nchi hii, nenda Mwanza ukatazame majabali yaliyopandana ufukweni mwa ziwa. Hayo yana zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Kuna watakaosema nabishania herufi tu. Dada yangu wa Moshi alilipia kaunta ya "malumalu ngumu, graniti kabisa". Siku ya tatu akakata ndimu juu yake. Jioni palikuwa na doa lililofifia, umbo la nusu ndimu, na hakuna sabuni iliyoling'oa. Alikuwa ameuziwa marumaru ya kweli, na asidi hula chokaa. Neno bovu lilimla dada yangu fedha yake.

Sasa mwalimu. Itale imo kwenye kamusi, na ningefurahi kuisikia midomoni mwa mafundi. Lakini graniti nayo haina kosa: imetoka Kiitaliano "granito", yaani chenye punje, nazo punje tumeziona. Tumia lolote kati ya hayo mawili. "Graniti nyeusi" ya madukani mara nyingi ni gabro, jiwe jingine la magma. Hapo nimechoka kugombana, maana walau limetoka jikoni kulekule.

Msomaji wangu, mrudishie fundi karatasi aandike upya "kaunta ya graniti". Kisha mwombe kipande cha jiwe lenyewe, ukidondoshee maji ya ndimu, ukiache hadi asubuhi. Mng'ao ukiwa umekufa pale, usilipe.