Maswali na Majibu: Kodi ya Jimbo na Akiba ya Uzeeni Inayokatwa Kazini

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaofanya kazi Marekani, ambako mshahara mmoja unaweza kudaiwa kodi na serikali ya shirikisho, na jimbo, na pengine na mji pia, kila mmoja kwa kanuni zake.

Nafanya kazi ghalani Harrisburg, Pennsylvania. Mwaka jana nilikatwa dola 4,000 za mpango wa 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara kupitia kwa mwajiri. Fomu yangu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, inaonyesha dola 46,000 katika kisanduku cha 1, lakini dola 50,000 katika kisanduku cha 16. Je, mhasibu wetu amekosea?

Hajakosea. Kisanduku cha 1 ni mshahara unaotozwa na serikali ya shirikisho, ambayo huahirisha kodi ya mchango wako hadi utakapoutoa. Kisanduku cha 16 ni cha jimbo, na Pennsylvania huuhesabu mchango huo kuwa mshahara ulioupata mwaka huohuo, ingawa fedha zenyewe hukuzitia mkononi. Kwa kiwango cha asilimia 3.07, dola 4,000 hizo zimekugharimu dola 122.80. Kiasi anachokuchangia mwajiri hakimo katika hesabu hiyo.

Malipo yake utayaona mbele. Ukishastaafu kwa masharti ya mpango wako na kuvuka umri wa miaka 59 na nusu, Pennsylvania haidai kodi ya mapato juu ya fedha unazotoa, ikiwemo faida iliyozaliwa humo kwa miaka yote hiyo, na kwa maoni yangu hiyo ni biashara nzuri kwa mtu mwenye subira. Anayezitoa mapema ndiye mwenye kazi, kwa sababu jimbo humruhusu kwanza kurudisha michango yake mwenyewe bila kodi, kisha humtoza kwa kile kinachozidi, na ni juu yake kuonyesha alichanga kiasi gani. Kwa hiyo usitupe W-2 hata moja. Mimi huziweka zangu katika bahasha moja pamoja na hati ya nyumba.

Mimi ni nesi New Jersey, nachangia mpango wa akiba ya uzeeni wa 403(b). Mume wangu yuko kiwandani na ana 401(k). Mbona jimbo linanitoza mimi na yeye linamwacha?

Kwa sababu New Jersey iliuondoa mchango wa mfanyakazi wa 401(k) katika mshahara unaotozwa kuanzia mwaka 1984, na nafuu hiyo haikufika kwenye 403(b), mpango wa kawaida katika shule na hospitali zisizo za kibiashara. Sijaona hoja ya haki inayowatenganisha nesi na fundi wa kiwandani katika jambo hili, ila sheria ndivyo ilivyo. Sehemu uliyokwisha kuilipia kodi haitatozwa tena utakapoitoa, lakini faida na mchango wa mwajiri vitahesabiwa kuwa mapato, tofauti na kwa jirani zenu wa Pennsylvania. Bahasha ya W-2 inakuhusu wewe kuliko mumeo.

Niko Columbus, Ohio. Nimesikia huku mchango hautozwi.

Jimbo halitozi, mji unatoza. Kodi ya mji wa Columbus, asilimia 2.5, hukatwa kabla ya kuondoa mchango wako wa 401(k).

Nimefanya kazi California miaka 20 na nataka kuhamia Texas nikistaafu. Je, California itanifuata kudai kodi ambayo haikuitoza wakati nikichanga?

Zamani majimbo kadhaa yalijaribu kufanya hivyo, hadi Bunge la Marekani lilipopitisha sheria, iliyosainiwa Januari 1996, inayokataza jimbo kutoza mapato ya kustaafu ya mtu asiye mkazi wake. Texas nayo haina kodi ya mapato ya mtu binafsi, hivyo utabaki na kodi ya shirikisho tu. Sharti ni kwamba uwe umehama kweli: kupata leseni ya udereva ya Texas huku mke, watoto na nyumba mnayoishi vikiwa Sacramento hakutakusaidia. Tena angalia tarehe, kwa maana fedha utakazotoa Machi ukiwa bado mkazi wa California zitatozwa na California, hata kama Juni utakuwa umeshapanga Houston.