Mwani umeuchemsha, sumu imebaki sufuriani

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi kijiji cha kando ya ziwa, upande wa Ghuba ya Mwanza. Hii ni wiki ya tatu maji ya ufukweni ni ya kijani, mazito kama rangi ya ukuta, na jua likipanda yananuka majani yaliyooza. Tunachuja kwa kitenge, tunachemsha mpaka yatokote, tunaweka kidonge cha klorini. Hata hivyo watoto wawili wameumwa tumbo na kuharisha, na mbuzi watatu wamekufa baada ya kunywa kwenye lambo letu, ambalo nalo limekuwa kijani. Amepita muuzaji na unga wa bluu, mrututu. Anasema vijiko vichache tu na lambo litakuwa jeupe kwa siku mbili. Je, tununue? Na maji ya kunywa tuyachemshe kwa muda gani ili yawe salama? (Msomaji, Mkoa wa Mwanza)

JIBU: Marahaba. Mrututu usinunue. Kuhusu kuchemsha, hakuna muda utakaoyafanya maji hayo yawe salama, si dakika kumi wala saa nzima. Watoto wapelekwe zahanati leo. Mhudumu aambiwe kwamba wamekunywa maji ya kijani, lakini asiishie hapo: kipindupindu na homa ya matumbo navyo hutoka ufukwe huohuo, na kuharisha peke yake hakuonyeshi chanzo.

Swali kama lako huja kila msimu maji yanapotulia na jua kuwa kali, na karibu kila mara limebeba imani ileile: kwamba hatari iko kwenye uhai wa kile kijani, kwa hiyo ukikiua umemaliza kazi. Ni kinyume chake. Kile tunachokiita mwani hapa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, sianobakteria, na katika Ziwa Victoria aina inayoonekana sana ni mikrosistisi. Sumu yake, mikrosistini, hukaa ndani ya seli. Seli ikiwa hai, sehemu kubwa ya sumu imefungiwa humo. Wewe uliyekulia kando ya ziwa unajua kupara samaki: nyongo ikitoka nzima, nyama ni tamu, ikipasuka, umemharibu samaki mzima na kuosha hakusaidii. Seli ya mikrosistisi ndiyo hiyo nyongo. Kuchemsha ni kuipasua. Mrututu ni kuipasua. Klorini ikitangulia, ni kuipasua pia.

Moto hauiwezi mikrosistini kwa sababu ya umbo lake. Ni pete ndogo ya asidi amino saba zilizoshikana, na joto la maji yanayochemka haliivunji pete hiyo. Kisha kuna hesabu ambayo watu huisahau. Ukiinjika lita 5 na kuzichemsha mpaka zibaki lita 4, mvuke umeondoka na maji matupu. Sumu iliyokuwa kwenye lita 5 sasa imo kwenye 4, imeongezeka nguvu kwa robo. Anayechemsha sana "kwa uhakika" ndiye anayewanywesha wanawe maji makali zaidi. Agosti 2014 sumu hii iliingia kwenye maji ya bomba ya Toledo, jiji la Marekani linalochota Ziwa Erie. Watu wapatao 400,000 waliambiwa wasiyanywe, na tangazo likasisitiza: msiyachemshe.

Kitenge hakina lawama sana. Kikikunjwa mara nne hunasa mabonge makubwa. Lakini mikono ikikikamua ili maji yatoke haraka, mabonge yale yanapasuka na ule mchuzi wa kijani unadondokea kwenye ndoo. Acha maji yajichuje yenyewe, kisha kitenge kifuliwe mbali na ziwa.

Klorini ina kazi yake, ila zamu yake ni ya mwisho. Huvunja mikrosistini vizuri pale maji yalipo meupe tayari, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikiwa chini ya 8, na baada ya dakika 30 ikiwa bado imebaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Maji ya kijani hayatimizi hata sharti moja. Mchana mwani hula hewa ya ukaa iliyomo majini na pH hupanda kufikia 9 au zaidi. Tena kidonge cha dumu la lita 20 kimepimiwa maji meupe. Ukikitia kwenye uji wa kijani kinapasua seli, kinaliwa na uchafu, na sumu iliyotoka haikuti klorini ya kuivunja. Na kuna sumu nyingine za sianobakteria, kama anatoksini inayoshambulia neva, ambazo klorini haizifanyi kitu cha maana.

Basi maji yatoke wapi? Kwanza kisima kirefu au maji ya mvua ya paani, hata kama ni ya kunywa na kupikia tu, mengine yatoke ziwani. Maziwa ya unga ya mtoto yasikorogwe kabisa kwa maji ya ziwa wakati huu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 ya mikrosistini kwa lita kwa anayekunywa maisha yake yote, na kwa muda mfupi mtu mzima anaweza kuvumilia hadi 12. Kwa mtoto wa chupa, sumu ikizidi 3 atafutiwe maji mengine. Kwenye utando mzito wa ufukweni sumu inaweza kufikia maelfu ya mikrogramu kwa lita.

Kama huna chanzo kingine, angalia upepo. Seli hizi zina vifuko vidogo vya gesi, zinaelea asubuhi maji yakiwa shwari, halafu upepo unazisukuma na kuzirundika upande mmoja. Ndiyo maana ufuko mmoja una uji na wa pili, mwendo wa nusu saa, hauna kitu. Nenda upande unakotoka upepo, ingia kwa mtumbwi mpaka mbali na matete, na uchote chini ya uso, mita 1 au zaidi, kwa dumu lenye kizibo unachokifungulia chini. Afadhali kuliko hilo ni kuchimba shimo kwenye mchanga, mita 10 hadi 20 kutoka ukingoni, na kungoja maji yajipenyeze. Mchanga huzuia seli zikiwa nzima, na vijidudu wanaoishi humo hula sehemu ya sumu iliyoyeyuka. Usichimbe jirani na choo wala njia ya ng'ombe.

Maji hayo yakifika nyumbani, ondoa seli zikiwa nzima kabla ya kufanya lolote jingine. Shabu inafaa: robo ya kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 20, iwe imesagwa na kuyeyushwa kwanza kwenye kikombe. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika tano ili mabonge yashikane yasivunjike, halafu acha mpaka yatue. Chota ya juu taratibu bila kuinamisha ndoo. Tope la chini limwagwe siku ileile shimoni, kwa sababu likilala humo seli zitakufa na kurudisha sumu kwenye maji uliyoyasafisha. Hapo sasa weka klorini, subiri nusu saa, na chemsha ukipenda kwa ajili ya vijidudu wa kipindupindu. Njia hii inapunguza, haitoi ahadi. Sumu iliyokwisha kuyeyuka ziwani shabu haiishiki, ndiyo maana kisima na mvua vimetangulia.

Sasa lambo. Mrututu ni salfeti ya shaba, na kweli unaua mwani. Lambo litakuwa jeupe, muuzaji atasifiwa, na siku hizohizo ndizo maji yatakapokuwa na sumu nyingi kuliko wakati wowote. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Palm Island, Australia, mwaka 1979. Wakazi walilalamikia harufu na ladha ya maji, bwawa la Solomon likatiwa salfeti ya shaba, na siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Ilichukua miaka kufahamu kwamba sianobakteria waliouawa humo walikuwa wamemwaga sumu yao yote kwa mkupuo.

Na hivyo vijiko vichache vimepimwaje? Lambo la mita 30 kwa 20 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 900,000. Ili kila lita ipate miligramu 1 unahitaji karibu gramu 900 za mrututu, zilizoyeyushwa na kunyunyizwa sawasawa. Muuzaji aliyetaja vijiko bila kuuliza urefu wala kina anabahatisha. Visipofanya kazi atakwambia uongeze, na hapo shaba yenyewe ndiyo itakayoua. Samaki hawaivumilii, kondoo ndio kabisa. Na hata ukipimwa vizuri, mwani uliokufa unaoza, na wanaouozesha hutumia oksijeni ya majini mpaka iishe. Utaona sato wakihema juu ya maji alfajiri, saa kumi na moja au kumi na mbili, kisha wakielea tumbo juu. Wenye vizimba ziwani wanaijua asubuhi hiyo.

Kama mwenzio ameshamwaga, zuia watu na mifugo kwa wiki mbili hadi tatu, bila kujali weupe wa maji.

Kwa lambo lako, zungushia miiba au waya ili mifugo isikanyage ukingoni, na wanyweshwe kwenye hori linalojazwa kwa pampu. Mdomo wa bomba uelee katikati ya lambo, mita 1 chini ya uso na nusu mita juu ya tope. Mkondo unaoleta samadi kutoka zizini ukingiwe kwa mtaro na ukanda wa nyasi wenye upana wa mita kadhaa, kwa sababu fosforasi iliyomo kwenye samadi na mbolea ndiyo chakula cha mwani huu. Naitrojeni baadhi ya jamii zake hujichukulia hewani, kwa hiyo kuinyima peke yake hakutoshi. Matokeo utayaona baada ya misimu, na ndiyo sababu hakuna anayekupigia hodi kukuuzia mtaro.

Mbuzi watatu ni jambo la kushughulikia kivyake. Mnyama aliyepigwa na sumu ya ini hulegea, ufizi unakuwa mweupe, anaanguka ndani ya saa chache au siku moja. Wa sumu ya neva hutetemeka, anahema kwa shida, na anaweza kufa kabla hujafika kumwita mtu. Dawa ya kuziondoa sumu hizi haipo. Lakini kimeta nacho huua ghafla, na ukimpasua mnyama wa kimeta umejiambukiza wewe na umechafua udongo kwa miaka mingi. Kwa hiyo usimchune, usimpasue, nyama isiliwe hata na mbwa. Mwite ofisa mifugo achukue sampuli mwenyewe. Botswana mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walipokufa karibu na Okavango, kimeta kilichunguzwa na kuondolewa kwanza, ndipo serikali ikataja sumu ya sianobakteria kwenye madimbwi. Heroe (flamingo) wa Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru, Kenya, walipokufa kwa wingi, sumu hizi zilikutwa kwenye maini yao. Ndege wale huishi kwa kula sianobakteria, na aina salama ikichanganyika na yenye sumu hawawezi kuchagua.

Samaki msimu huu usile waliookotwa wakielea. Waliovuliwa wazima toa matumbo na maini yote, osha minofu kwa maji safi, maana sumu hukaa zaidi matumboni na kwenye maini, na moto wa jikoni hauiondoi. Dagaa huliwa mzimamzima na tumbo lake, kwa hiyo dagaa wa ghuba iliyo kijani mwache mpaka maji yabadilike, hasa kwa watoto.

Muuzaji wa mrututu si peke yake. Msimu wa kijani unapoanza, wanatokea wa unga wa "vijidudu rafiki", wa sumaku ya kufunga kwenye bomba, wa taa ya mionzi, wa chujio la udongo linalomaliza "kila aina ya sumu". Chujio la udongo huzuia seli, haligusi kilichoyeyuka. Mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa maalumu kwa kusafishia maji, hushika mikrosistini kweli, lakini hujaa. Usipobadilishwa kwa wakati maji hupita kama yalivyoingia, na hakuna rangi wala harufu itakayokuonya. Mkaa wa kupikia uliopondwa na kupakiwa kwenye chupa si huo. Mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana huondoa sumu hizi vizuri, ila inahitaji umeme, matengenezo na mtu anayeijua.

Wote hawa husimama kwenye hoja moja: tazama maji yalivyong'aa. Mtu wa namna hiyo mwulize sumu iliyoyeyuka ilikuwa mikrogramu ngapi kwa lita kabla ya dawa yake na ngapi baada, na maabara gani ilipima. Nawe ukitaka kupima, jaza chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, andika mahali, tarehe na saa, iweke kwenye barafu bila kugandisha, na ifike ofisi ya bodi ya maji ya bonde au maabara ya maji ya mkoa ndani ya saa 24. Chukua mbili: moja ya kwenye utando, moja ya pale unapochota ya kunywa. Vaa glovu, au mfuko wa plastiki mkononi.