Mzee kashindwa kuomba maji ila mapambio anaimba yote, imekaaje?

SWALI: Baba yetu alipata kiharusi, upande wa kulia umelegea na kuongea hawezi, akitaka maji ni "eeh eeh" tu. Lakini tukianzisha pambio la kanisani anaimba na maneno yote! Shangazi anasema anatuigizia. Hii kitu imewahi kuchunguzwa?

JIBU: Haigizi dada, mwambie shangazi apunguze. Inaitwa afasia, yaani kupoteza uwezo wa lugha baada ya ubongo kuumia, na hilo la kuimba limeandikwa tangu 1745 huko Sweden, bwana mmoja Olof Dalin alieleza habari za kijana aliyepooza kulia akabaki na neno moja tu, "ndiyo", ila tenzi alizozijua kabla ya kuugua akisaidiwa kuanza anaziimba vizuri kabisa. Yaani mzee wako huyo huyo, na hapo hata Broca, yule daktari Mfaransa aliyeonyesha kwamba usemi unategemea ubongo wa kushoto, bado miaka zaidi ya 100.

Baadae ikazoeleka kwamba upande wa kulia wa ubongo, ambao mara nyingi haujaguswa, ndio unaobeba muziki. Mwaka 1977 Yamadori na wenzake Japani wakawapima wagonjwa 24, 21 walishika tuni vizuri, ila waliotoa na maneno ni 12 tu. Kabla ya hapo 1973 wataalamu wa Boston walishaanza tiba ya kuimbisha sentensi fupi huku mgonjwa anagonga mkono wa kushoto kila silabi.

Sasa watu wengi wanakwama hapa, wanadhani akiimba sana maneno yatarudi yenyewe. Mimi siamini hivyo. Utafiti wa Stahl Ujerumani 2011, wagonjwa 17, ulionyesha tuni yenyewe haikuongeza kitu, kilichosaidia ni mdundo na maneno aliyokwisha kukariri. Pambio linatoka kwa sababu limekaririwa miaka na miaka, "naomba maji" inabidi aitunge palepale, ni kazi nyingine kabisa hiyo.

Kwahiyo mapambio yaendelee, yanampa moyo, ila chukueni vineno vitatu vinne vya kila siku, kaa mbele yake akuone mdomo, shika mkono wake wa kushoto mgonge mezani taratibu, na-O-mba MA-ji, pandisha sauti kidogo pale penye mkazo, mseme pamoja kwanza halafu wewe unafifia yeye anamalizia. Dakika chache tu, mara kadhaa kwa siku, akichoka acheni. Na mtafutie mtaalamu wa tiba ya usemi ampime, maana afasia ziko aina nyingi na hii njia inawafaa zaidi wale wanaoelewa wanachoambiwa ila kutoa maneno ndo shida.