Nilitoka kwenye magrupu 23 ya walimu, ndipo nikaanza kujifunza

Jumamosi moja simu yangu iligoma kupiga picha. Imejaa, inasema. Nikaingia kwenye mafaili nione kilichoijaza: maazimio ya kazi, yaani mipango ya kufundisha ya mwaka, kuanzia Darasa la Kwanza hadi la Saba, maandalio ya somo ya masomo ambayo sijawahi kuyagusa, mitihani ya utamilifu (mock) ya wilaya ambazo hata njia yake siijui, na nakala nne za mwongozo uleule, kila moja na jina lake. Mafaili zaidi ya 900. Niliyowahi kuyafungua hayakufika 30.

Nikahesabu na magrupu ya WhatsApp. Yalikuwa 27.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi ya serikali mkoani Singida, mwaka wa 14 huu kazini. Kwa muda mrefu nilijiona mwalimu anayekwenda na wakati kwa sababu simu yangu haikosi faili la mtu. Mwenzangu akiuliza "nani ana mwongozo wa Sayansi?", mimi huyo, natuma kabla hajamaliza kuandika. Nilikuwa mtunza stoo wa PDF, basi. Darasani hakuna kilichobadilika.

Hali ilikuwa mbaya zaidi Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza na Darasa la Kwanza na la Tatu. Mwaka huo nilikuwa na la Tatu. Kila grupu lilikuwa na wimbo mmoja: "Nani ana azimio la kazi la Darasa la Tatu, mtaala mpya?" Chini yake "na mimi naomba", "na mimi", "na mimi jamani", mara arobaini. Kisha anajitokeza mmoja: "Ninalo, elfu tatu tu, njoo inboksi." Nikaenda inboksi. Nikalipa. Nikachapisha, nikapeleka kwa mwalimu wa taaluma nikiwa kifua mbele. Akasoma ukurasa wa kwanza, akaniangalia, akasoma tena. "Madam, umehama lini?" Juu kabisa pameandikwa jina la shule nyingine, mkoa mwingine. Sikuwa nimelisoma hata mstari wa kwanza.

Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema walimu wajiunge na mitandao ili wajiendeleze, namuuliza: wajiunge na nini, na wakishajiunga wafanye nini? Kujiunga hakuna kazi. WhatsApp siku hizi inaruhusu grupu moja liwe na watu 1,024. Umati wa namna hiyo ni mnada. Nani atasimama mbele ya watu elfu moja, maafisa elimu wamo, aseme "desimali zimenishinda kufundisha"?

Nikatoka kwenye 23. Nilibaki na la shule, la kata, la familia, na moja dogo lililokuwa limelala, la walimu tisa tuliofahamiana kwenye semina. Mmoja wetu yuko Kibondo, mwingine Tunduru, wengine huku kanda ya kati. Yule wa Kibondo ndiye aliyeliamsha, na masharti yake mwanzoni niliyaona ya kishule mno. Jumatatu mtu mmoja tu, kwa zamu, analeta jambo lililomshinda darasani. Jambo moja, na picha yake: ubao, au daftari la mwanafunzi. Mpaka Alhamisi wengine tunajibu kwa ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili. Ukishajibiwa, unakwenda kujaribu, na wiki inayofuata unarudi kusema ilikuwaje. Usiporudi, zamu yako ijayo inarukwa. Hakuna kufowadi. Hakuna "asubuhi njema" yenye maua. Salamu tunazo, ila zinakaa mwanzoni mwa swali.

Nieleze zamu yangu ya kwanza, maana hapo ndipo nilipoelewa.

Darasa la Tano, wanafunzi 87. Nimeandika ubaoni 0.25 na 0.5, nauliza ipi kubwa. Mikono msitu mzima. "0.25, Mwalimu!" Kwa nini? "Kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 5." Nikaeleza nafasi za namba, sehemu ya kumi, sehemu ya mia. Wakaitikia ndiyo. Zoezi la siku ile nilisahihisha mpaka kalamu nyekundu ikanikinai. Nikapiga picha madaftari matatu, majina nimeyafunika kwa kidole, nikatuma.

Tayari nilikuwa nimeshatazama video mbili za YouTube, nzuri tu, za Marekani. Zote zinatumia dola na senti. Sasa mtoto wangu wa Darasa la Tano senti ameiona wapi? Dukani kwetu hakuna kitu cha senti. Ukimwambia "shilingi mbili na senti hamsini" unamfundisha historia.

Jibu lililonisaidia lilitoka Tunduru, sekunde 48 hivi, nyuma yake unasikia kuku: "Dada, hao watoto hawatumwi dukani? Waulize sukari."

Kesho yake sikugusa kitabu. Nikauliza: mama akikutuma sukari, nusu na robo, ipi nyingi? Darasa zima, "Nusuuu!" Haya. Nikaandika ubaoni: nusu kilo ni 0.5. Chini yake: robo kilo ni 0.25. Nikanyamaza. Nawaambia ile dakika ilikuwa tamu. Unaona macho yanapanda yanashuka, 0.5, 0.25, 0.5. Kuna kijana nyuma ambaye kwao wana genge la kuuza vyakula, huwa hazungumzi kabisa, akasimama bila kunyoosha mkono: "Kwa hiyo robo tatu ni 0.75?" Sijamfundisha mimi hiyo.

Nikarudi kwenye grupu na ushindi wangu na picha za madaftari mapya. 0.4 na 0.36, wamepata. 0.7 na 0.65, wamepata. Pongezi zikaja, na vikopakopa. Isipokuwa yule wa Kibondo. Yeye aliandika tu: "Mwalimu, ni mifano mingapi umewapa ambayo namba ndefu ndiyo kubwa?"

Nikapitia andalio langu. Hakuna hata mmoja. Kesho yake nikaandika 0.3 na 0.45. Zaidi ya nusu ya darasa wakasema 0.3 ndiyo kubwa, kwa uhakika kabisa, na sababu wanayo: "fupi ndiyo kubwa, Mwalimu." Nilikuwa nimewaondolea kosa moja nikawapandikiza jingine. Tukakaa na karatasi za miraba za daftari la hesabu, mraba wa kumi kwa kumi, kila mmoja apake rangi visanduku 45, halafu nguzo tatu nzima, yaani visanduku 30. Vipindi viwili. Safari hii sikumwambia mtu ipi kubwa.

Kosa lile nisingeliona peke yangu. Na lisingeonekana kwenye grupu la watu elfu, kwa sababu kule ningepeleka ushindi tu, tena uliopigwa picha vizuri.

Sasa, mwalimu mwenzangu wa Tanzania atasema: mbona hayo ndiyo MEWAKA? Ni kweli. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yanataka hivyohivyo, walimu wa shule moja wakae kwenye jumuiya ya ujifunzaji, wazungumzie mada ngumu, wakajaribu, warudi. Na mimi sikai na simu badala ya kukaa na wenzangu. Hadithi ya sukari niliipeleka kwenye kikao chetu cha shule, na mwenzangu wa Darasa la Nne akaniambia anakotokea yeye watoto wanajua zaidi mafuta ya kupima kuliko sukari, akabadilisha. Ila shuleni kwetu Hisabati tuko wawili. Siku mmoja akiwa mgonjwa na mwingine yuko zamu, jumuiya imekwisha. Hapo ndipo wa Tunduru na Kibondo wanapoziba pengo.

Kuhusu bando, maana najua ndilo swali la kwanza. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili haumalizi bando lako. Kinachomaliza ni video zinazojipakua zenyewe: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima kupakua picha na video zenyewe. Nilifanya hivyo baada ya miaka mingi ya kulalamikia kampuni za simu. Video ya YouTube naitazama kwa ubora wa chini kabisa. Ubao unasomeka, na mimi natafuta maelezo, sitafuti sura ya mwalimu. Nikiikubali, naipakua usiku kwa bando la usiku, asubuhi naitazama tena nje ya mtandao kwenye kishikwambi (tableti). Vile vishikwambi tulivyopewa baada ya Sensa ya 2022, wengi wetu vimekaa kabatini vikisubiri mgeni kutoka wilayani. Kitoe.

Vitu viwili vya bure navirudia mara kwa mara. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vyenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kununua nakala ya kuungaunga kwa mtu wa inboksi. Na kuna TESSA, mradi wa ualimu wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, una moduli kwa Kiswahili zilizoandikwa kwa kufikiria darasa lenye watoto wengi na vifaa vichache. Sura yake si ya kuvutia, nikiri. Lakini mifano niliyoisoma mimi haina senti.

Akili mnemba natumia, sioni aibu. Niliiomba ChatGPT maswali kumi ya desimali kwa Kiswahili, ikanitolea upesi kuliko ninavyofungua kalamu. Majibu yake ya hesabu yalikuwa sahihi. Ila swali la tatu: "Asha alinunua peremende kwa shilingi 2.75." Duka gani hilo jamani? Naitumia kupata rasimu, halafu nakaa na kalamu naitoa ugeni. Kama hujui mada vizuri, usiiguse mpaka uijue, kwa sababu itakudanganya kwa adabu sana.

Kuna jambo moja nalisema kwa aibu. Kabla ya hayo yote, nilimrekodi mtoto wa Darasa la Tatu akisoma "shamba" kama "samba", darasa zima likicheka, na mimi nacheka nyuma ya simu. Nikaiweka kwenye status. Nilidhani ni kitu cha kufurahisha walimu. Jioni ilikuwa imeshafika kwenye grupu la wanakijiji, na mama yake alikuja asubuhi, hakugomba, alikaa tu kwenye benchi nje ya ofisi mpaka nilipotoka. Akaniuliza kama mwanangu ningemweka vile. Mtoto hakuja shule siku tatu. Nilikwenda kwao kuomba radhi, mbele ya bibi yake.

Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa 2022 na ikaanza kutumika Mei 2023, na mwalimu anayerusha sura za watoto ajue kwamba ipo. Lakini mimi hainikumbushi sheria. Linanikumbusha lile benchi. Picha ya daftari inatosha, jina limefunikwa. Ukitaka sauti ya mtoto, omba kwao kwanza, na usiitoe nje ya watu tisa.

Na usiku zima data. Kuna magrupu ya kikazi yanayodai takwimu saa nne usiku, "haraka sana, kabla ya asubuhi", hayo sina dawa nayo, yana wenyewe. Lakini grupu la kujifunza lisiwe hivyo. Letu linalala saa mbili. Mwenzetu mmoja mwenye mtoto mchanga alipotea mwezi mzima, akarudi, hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Ukitaka kuanza, usifungue grupu jipya ukatuma kiungo kila mahali. Tafuta mwalimu mmoja wa somo lako, shule nyingine, ambaye huoni haya kumwambia umekwama. Mtumie picha ya daftari moja kesho. Akijibu kwa swali badala ya faili, umepata mtu. Wengine watakuja wenyewe, na wakizidi kumi na mbili mimi ningegawa.

Wiki hii zamu imenirudia. Yule kijana wa genge ameniuliza mbele ya darasa: "Mwalimu, kama 0.3 na 0.30 ni sawa, kwa nini mtu aandike sifuri bure?" Jibu moja ninalo, la kitabuni, na kwa jinsi alivyoniangalia halikumtosha. Nimetuma swali Jumatatu asubuhi pamoja na picha ya daftari lake. Leo Jumatano, tarehe 27, tiki bado ni moja kwa wote wanane. Mwisho wa mwezi, mabando yamekata.